Barafu Haili Umeme

Atupele mwanangu,

Fundi Shabani hakumuua kaka yako. Nimekuficha hilo kwa miaka sita. Nilimficha mama yako mpaka akaingia kaburini akimlaani mtu asiye na kosa. Niliwaficha wazee wa kanisa, majirani, na kila aliyekuja kunipa pole. Nimelitanguliza ili mkono ukinigoma kabla sijafika mwisho, hili angalau liwe limekufikia.

Umekwenda sokoni kununua blanketi, na nimekusikia ukimwambia jirani kwamba jua halitazama kabla hujarudi. Kwa hiyo nina saa mbili au tatu. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Mufindi kuanza kazi ya mifugo, na utakaporudi likizo hutanikuta. Daktari hakunificha. Mimi ndiye niliyekuficha wewe, kwa sababu ungeahirisha safari. Usiahirishe. Habari za kuvaa koti zito, kuchemsha maji na kupiga simu ukifika, mama zako wadogo watakwambia; wanazijua kuliko mimi.

Naandika nikiwa na hasira. Nimejaribu mara nne kuandika kwa upole na kila mara upole uligeuka kuwa uongo, nikachana karatasi. Hii ya tano sitaichana.

Nianze na hasira niliyo nayo juu yako, maana ndiyo iliyonitoa kitandani. Jumamosi ulirudi kutoka Iyunga na pikipiki yako imepambwa: taa mbili za spoti mbele, spika ya muziki, chaja ya simu, na vile vishikio vya kupasha viganja moto kwa ajili ya baridi ya Mufindi. Ulikaa pale kizingitini, ukanisimulia huku unacheka. Ulisema yule kijana fundi alikuuliza, "Dada, koili ya hii pikipiki itabeba vyote hivi?" Nawe ukamjibu, "Wewe funga tu, kaka. Hesabu nimeshapiga, baba yangu ni mwalimu wa fizikia. Na usinifundishe. Fundi wa mtaani asiye na cheti ndiye aliyemmaliza kaka yangu."

Kisha ukasema lile lililonikaba. "Nasikia yule Shabani yupo Nyololo siku hizi. Tata, nikifika huko atanijua. Hakuna pikipiki ya ofisi wala ya boda itakayoingia kwake tena."

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Chai yako inapoa."

Hayo ndiyo maneno ya mtu aliyesoma, Atupele. Mtu anakaribia kuporwa riziki mara ya pili mbele ya masikio yangu, nami nazungumzia chai.

Sasa nikueleze mambo yalivyokuwa.

Unakumbuka kaka yako Asajile alikuwa akipeleka chanjo ya kideri kwa akina mama wafuga kuku wa vijiji vya mbele ya Nyololo. Wenzake wote walibeba chanjo kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Barafu ikiyeyuka njiani, wananunua nyingine Makambako, basi. Mimi nilikuwa nimestaafu mwaka ule, nimekaa tu, na hakuna aliyeniuliza swali lolote la fizikia. Nikaona chupa ya chai ni aibu. Mwanangu mimi abebe dawa kama mtu anayepeleka uji shambani? Nikamtafutia boksi la kupoozea linalotumia umeme wa betri, nikakaa mezani na kitabu cha pikipiki, nikapiga hesabu.

Kitabu kilisema koili, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, inatoa wati mia na ishirini. Taa kubwa inakula thelathini na tano, taa ya nyuma tano, mfumo wa kuwashia injini kumi na tano, boksi arobaini na tano. Jumla wati mia. Zinabaki ishirini za akiba. Nilipiga mstari chini ya ile ishirini, mara mbili, kwa rula. Bado nauona wino wake.

Nikaenda kwa Shabani. Wakati ule alikuwa na kibanda chake pale karibu na mashine ya kusaga, pikipiki za Uyole nzima zikipita mikononi mwake. Alisimama aliponiona, akafuta mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nataka unifungie hili boksi kwenye pikipiki ya Asajile. Mchoro huu hapa."

Aliupokea kwa mikono miwili, akautazama kwa muda, akanirudishia vilevile kwa mikono miwili. "Mchoro mzuri, Mwalimu. Ila koili haina nguvu hizo."

"Ina wati mia na ishirini. Kitabu kimesema."

"Aliyeandika kitabu alikuwa amevuta resi," akasema.

Hakusema kwa kejeli. Aliwasha pikipiki, akaiacha ingurume polepole bila kuigusa. Akawasha taa kubwa, akakanyaga breki. Taa ikanywea. Akavuta resi, taa ikafumbuka. Akaachia, ikanywea tena.

"Umeona? Hapo boksi bado halijaingia. Kijana akikuta foleni ya malori kwenye ukungu, anatambaa, breki mkononi, hii haitatoa hata nusu ya hizo unazosema. Kinachopungua kitatoka kwenye betri. Betri yenyewe hii, ndogo kama kipande cha sabuni. Na pikipiki za aina hii betri ikiisha si taa tu, hata injini inazima. Mwekee barafu, Mwalimu. Barafu haili umeme."

Palikuwa na madereva wawili wa boda wamekaa juu ya pikipiki zao. Mmoja akapiga mluzi. "Profesa leo kaulizwa swali na darasa la saba!" Mwenzake akadakia, "Na kalikosa!"

Walicheka kama vijana wanavyocheka, bila ubaya. Shabani mwenyewe hakucheka. Aliwaambia, "Acheni ujinga, huyu mzazi wenu." Lakini mimi damu ilikuwa imeshapanda kichwani. Miaka thelathini na mmoja nimesimama mbele ya ubao, Atupele. Kila mhandisi na kila daktari aliyetoka mitaa hii alipita chini ya chaki yangu. Nikamuuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani ya mashine, "Shabani, uliishia darasa la ngapi?"

"La saba, Mwalimu."

"Basi mimi ndiye nizungumze, wewe ufunge."

"Nakusikiliza, mzee wangu. Ila mkono wangu hauwezi kufunga kitu ninachojua kitamzimikia mtu njiani. Nisamehe."

Aliniomba msamaha. Mimi nikageuza pikipiki nikaondoka bila kumuaga, na siku hiyo hiyo nikalifunga boksi mwenyewe hapa uani, kwa mikono hii hii. Wewe ulikuwa chuoni. Mama yako alikuwa kwenye jumuiya. Hakuna aliyeona. Asajile aliporudi nilimwambia tu, "Tayari," naye akadhani ni kazi ya fundi. Kesho yake ndipo nilipomweleza kwamba nimelifunga mimi, akafurahi zaidi. Akasema, "Basi hapo nimelala usingizi, Tata."

Alikuwa amekosea mahali gani, huyo aliyesoma? Si kwenye kujumlisha. Thelathini na tano, tano, kumi na tano, arobaini na tano ni mia hata leo. Nilisoma namba na nikaruka maneno madogo yaliyofuata namba: mizunguko elfu tano kwa dakika. Wati mia na ishirini ni za injini inayokimbia. Nami nilijua! Nimewafundisha watoto mara mia kwamba umeme wa sumaku inayozunguka unafuata kasi ya mzunguko. Nilikuwa nimeandika hivyo kwenye daftari zangu. Ila fundi aliponionyesha kwa taa, sikuona kanuni niliyoifundisha, niliona darasa la saba. Kama angekuwa mhandisi mwenye tai ningempa mkono na kumshukuru. Hilo ndilo linalonichoma. Elimu ilikuwepo. Niliitumia kuziba masikio.

Ninyi watoto mnaniambia, "Tata, hayo yameshapita, pumzika." Hayajapita. Yako kwenye pikipiki yako pale uani, yana spoti mbili na spika.

Asubuhi aliyokufa, Asajile aliondoka hapa alfajiri. Uwanda wa Usangu aliupita vizuri, barabara nyeupe, injini inakimbia, umeme unatosha na kubaki. Nijitendee haki: mpaka Makambako hesabu yangu ilikuwa sawa. Mbele ya Makambako ukungu ukashuka, ule wa Mufindi ambao saa nne asubuhi huoni gurudumu lako la mbele. Kulikuwa na matengenezo ya barabara, malori yamepangana, yanasogea hatua kwa hatua. Alitambaa nyuma yao zaidi ya saa nzima, taa imewaka, breki imekanyagwa, boksi linakula. Kabla ya Nyololo malori yakafunguka, yeye akaanza kupanda kile kilima, na pikipiki ikazima katikati ya barabara. Haikuwa na taa ya mbele. Haikuwa na taa ya nyuma. Dereva wa lori la nyuma aliapa mbele ya polisi kwamba hakuona hata kinukta chekundu. Sina ugomvi na dereva yule. Hakukuwa na kitu cha kuona.

Chanjo zilikutwa baridi kabisa. Polisi mmoja alilisema hilo kama jambo la ajabu.

Sasa sikiliza nilichofanya baada ya hapo, maana kukosea hesabu si dhambi ya kumpeleka mtu motoni. Hili ni dhambi.

Unajua kwamba hapa mtaani anayeandika wasifu wa marehemu ni mimi. Nimeandika za watu wangapi, sijui. Amezaliwa, amebatizwa, amesoma, ameoa, ameugua, chanzo cha kifo, ameacha watoto kadhaa. Watu wanajua kwamba kilichosomwa makaburini kimekwisha. Hakuna anayesimama kubishana na wasifu. Nilipoambiwa nipumzike mwingine aandike wa Asajile, nilikataa. Wote wakasema, tazama mzee alivyo na moyo. Niliandika mwenyewe kwa sababu nilitaka kuandika mstari mmoja mwenyewe. Ulikuwepo, uliusikia: "Marehemu alifikwa na mauti kwa ajali iliyotokana na uzembe wa fundi aliyefunga vifaa vya umeme kwenye pikipiki yake."

Sikutaja jina. Sikuhitaji. Ijumaa ya kabla ya ajali watu walimwona Asajile kwa Shabani akibadilishiwa mnyororo.

Wewe ulikuwa umeinama unalia, hukuona nilichokiona mimi. Shabani alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Alianza alfajiri na vijana wengine, ingawa si wa kanisa letu wala wa ukoo wetu. Alikuwa amesimama kwenye kile kifusi, matope mpaka magotini, koleo mkononi. Mstari ule uliposomwa, vichwa viligeuka kimoja kimoja. Akanitazama. Akasema, si kwa nguvu, "Mwalimu, mimi?"

Nikainama, nikasoma ndani ya kofia yangu kana kwamba imeandikwa kitu.

Aliweka koleo chini taratibu, akaondoka kabla ya udongo wa kwanza. Watu walisema, ona, dhamiri imemsuta. Wiki ile ile vijana walitupa sanduku lake la spana mtaroni. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kujieleza kwamba boksi lile alikataa kulifunga, na nilisimuliwa walivyomjibu: "Unabishana na mwalimu wa fizikia, wewe?" Wale vijana wawili wa boda walisikia yote siku ile kwenye kibanda. Mmoja alinijia hapa nyumbani. Akasimama mlangoni, akasema, "Mzee, lakini siku ile fundi si alikataa?" Nikamwambia, "Mwanangu, uko kwenye nyumba ya msiba." Akaomba radhi, akaenda zake. Hivyo ndivyo huzuni inavyoweza kutumika, Atupele. Niliishika kama rungu, na hakuna aliyethubutu kuninyang'anya.

Shabani akahama na mkewe kwenda Nyololo, kwa wakwe zake, na kila ufungukapo ukungu wa asubuhi anaiona barabara ile ile. Mimi nikabaki hapa nikipewa kiti cha mbele.

Nimewakasirikia watu wa mtaa huu pia, nisikufiche. Nimewakasirikia kwa kuniamini. Palikuwa na watu wazima mia mbili makaburini, wanajua Shabani ni mtu wa namna gani, ameshawasukumia pikipiki zao kwenye mvua, na mstari mmoja wenye Kiswahili kizuri ukawatosha. Lakini hasira hiyo haina haki. Mimi ndiye niliyewazoesha.

Kwa hiyo nakutaka ufanye mambo mawili, na sikuombi, nakuagiza, kwa kuwa sina muda wa kuomba.

Pikipiki yako iwashe, usivute resi, washa kila ulichofunga, kisha tazama taa. Usinitazame mimi wala hesabu yako. Kitakachoinywesha taa, king'oe kabla hujatoka hapa. Viganja vikipata baridi, vaa glavu.

Na barua hii, ukifika Nyololo, ipeleke kwa Shabani. Usimwachie mkewe. Uongo wangu ulisomwa kwa sauti mbele ya watu. Basi na hii isome kwa sauti, hapo anapofanyia kazi, boda wakiwepo. Akikataa kukusikiliza, ana haki. Msomee hata kama amekupa kisogo. Usimwombee baba yako msamaha. Huo hauna budi kuwa wake kuutoa au kuuzuia. Wasifu wangu nao nimeshauandika, uko kwenye bahasha ya kaki chini ya Biblia. Ajali ya Asajile imo, na jina la aliyefunga boksi limo. Mzee wa kanisa akitaka kupunguza mstari kwa ajili ya heshima yangu, mnyang'anye karatasi usome wewe.

Nasikia sauti yako huko barabarani, unataniana na mtu kuhusu bei ya blanketi. Nilitaka kuishia hapa. Nimeshaweka kalamu chini mara mbili na kuiokota. Mpaka hapa nimekupa kosa la hesabu na kosa la kalamu tu, na mtu anaweza kusema, mzee hakujua, halafu aliogopa. Sitaki ubaki na hilo.

Polisi walipoleta simu ya Asajile, niliipokea mimi. Kabla ya kumpa mama yako niliingia nayo chumbani, nikafungua orodha ya simu alizopiga, nikafuta ya mwisho. Alikuwa amenipigia mimi. Saa nne kasoro, kutoka kwenye ile foleni. Nilikuwa nimekaa hapa hapa nilipokaa sasa. Nilisikia malori nyuma yake, na meno yake yakigongana kwa baridi. Alisema, "Tata, taa inafifia, naona injini nayo inakwama kwama. Nichomoe boksi?"

Nikawaona wale vijana wawili wakicheka. Nikamwona Shabani akipewa habari kwamba limechomolewa.

Nikamwambia, "Usichomoe. Chanjo zitaharibika. Hesabu iko sawa, endelea."

Akasema, "Haya, Tata." Akanitii.

Baba yako